Mgongo Unaouma na Meza ya Pool



 

Wiki hii tumeletewa barua na mama yetu mmoja wa Kisauni. Hakutaka jina lake litajwe, nasi tutaihifadhi amana yake. Atueleza kwamba mumewe, mwenye umri wa miaka 48, alibeba mizigo kwa miaka mingi tangu ujana wake, na kwa muda wa miaka 6 sasa mgongo humuuma chini ya kiuno. Kuna siku aamka mzima, na kuna siku hata kuvaa viatu ni mtihani. Kazi nzito ameiacha, na sasa auza duka dogo. Baada ya Alasiri huandamana na kijana wao wa miaka 16 hadi kwenye ukumbi wa vijana wa mtaani, kulikowekwa meza ya pool, na huko hucheza pamoja mpaka karibu na Magharibi. Arudipo, hujitupa kitandani akiugulia. Mama huyo amemkataza zaidi ya mara moja. Mume amekasirika, nyumba imeingia baridi, na kijana naye ameanza kutoka peke yake jioni.

Swali lake ni fupi: nimzuie au nimwache?

Twaliona swali hili kuwa kubwa kuliko meza na mipira. Baba amepoteza kazi aliyoizoea, na sasa aambiwa aache na jambo moja lililobaki linalomfurahisha. Kijana yuko katika umri ambao mitaa yetu ya Pwani haumhurumii mtu, nasi sote twajua ni familia ngapi zimelia kwa ajili ya unga. Saa moja ambayo mwana akaa kwa hiari yake na babake si saa ya kutupwa ovyo. Lakini mgongo nao ni mwili, na mwili una haki yake juu ya mwenyewe, kama alivyotufundisha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Basi tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Maumivu haya ni ya namna gani

Tuanze kwa kumwondolea mama yetu hofu. Mumewe si mtu wa ajabu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na lakadiria kwamba ifikapo mwaka wa 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowalemaza watu wengi zaidi ya huu. Maumivu yakipita miezi 3, matabibu huyahesabu kuwa ya kudumu.

Jambo la pili wengi hawalijui. Katika wagonjwa 10 wa aina hii, takriban 9 hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa maalumu uwezao kuonyeshwa kwa kidole. Maumivu ni ya kweli kabisa, na asiyelala kitanda hicho asihesabu kunguni wake. Lakini maumivu hayo si dalili kwamba kila anapoinama kuna kitu kinachokatika ndani. Misuli imekaza, mishipa ya fahamu imekuwa myepesi wa kulalamika, na hofu imeongeza yake.

Zamani mwenye mgongo aliambiwa alale, asitikisike. Leo matabibu wanasema kinyume chake. Kulala siku nyingi huilegeza misuli inayoushikilia uti wa mgongo, na misuli ikilegea mzigo huongezeka, na mzigo ukiongezeka maumivu huzidi, mpaka mtu akawa mfungwa wa godoro lake. Mnamo Desemba 2023 Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya kudumu ya mgongo. Miongoni mwa mambo lililoyapendekeza ni mazoezi ya viungo, kumfundisha mgonjwa aielewe hali yake, na tiba za mikono kama kukandwa. Mikanda ya kiuno, ambayo wengi wetu huinunua kwa fedha nyingi na kuivaa mchana kutwa, iliwekwa katika orodha ya yasiyopendekezwa katika matibabu ya kawaida. Basi akina mama wanaokanda kwa mafuta wana nafasi yao, na mkanda uliotundikwa mlangoni unaweza kubaki mlangoni.

Hata hivyo, kuna dalili ambazo hazingoji ushauri wa gazeti. Mtu akifa ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, au akishindwa kuuzuia mkojo au choo, au akishindwa kabisa kukojoa, au mguu ukipoteza nguvu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile maumivu yakija pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda bila sababu, apimwe haraka, kwani kifua kikuu huweza kuingia hata katika pingili za uti wa mgongo. Aliyeanguka kwa kishindo, au aliyewahi kuugua saratani, naye asikae nyumbani akijikanda. Mama yetu ahakikishe kwanza kwamba mumewe hana hata moja katika hayo. Akiwa hana, tuendelee.

Meza yaufanyia nini mgongo

Watu hudhani pool ni mchezo mwepesi kwa kuwa hakuna kukimbia. Mwenye mgongo hulijua jambo hilo kuwa si kweli. Uso wa meza huwa na kimo cha baina ya sentimita 74 na 79 kutoka sakafuni, yaani hufika karibu na nyonga ya mtu mzima. Mchezaji huinama, hujinyoosha mbele, huupinda mwili upande mmoja, kisha hutulia hapo akilenga. Mtu mrefu huinama zaidi. Mipira iko 16 ukihesabu na ule mweupe, na kila mpira una kuinama kwake, na aliye hodari huinama mara nyingi zaidi kwa sababu zamu yake haimaliziki.

Katika miaka ya 1960 tabibu wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima kwa sindano mkandamizo ulio ndani ya zile sahani laini zilizo baina ya pingili za mgongo. Aliona kwamba mtu aliyesimama akaegemea mbele hujitwika mkandamizo mkubwa kuliko aliyesimama wima, na mkandamizo huo hupungua sana mtu alalapo chali. Hii haimaanishi kuwa kuinama ni sumu. Mgongo umeumbwa uiname. Yamaanisha kwamba namna ya kuinama, na muda wa kukaa katika kuinama, ndio wenye hesabu. Mama yetu asema mumewe hurudi akiugulia. Basi twamuuliza yeye na mumewe: je, huugulia kwa sababu ya mchezo, au kwa sababu ya jinsi anavyoucheza?

Jinsi ya kucheza bila kujiumiza

Tumezungumza na ndugu zetu wanaofanya kazi ya tiba ya viungo, na tumewatazama wachezaji wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

La kwanza, asiende mezani moja kwa moja kutoka kwenye kiti cha dukani. Mgongo uliokaa saa 4 umekaza kama kamba iliyokauka juani. Atembee kwa miguu hadi ukumbini, polepole, dakika 10 au 15. Akifika, asimame, aweke mikono kiunoni na kujipinda nyuma kidogo mara kadhaa, kisha azungushe nyonga zake taratibu.

La pili, na ndilo kubwa, ainame kwa nyonga, asiiname kwa kiuno. Kwa Muislamu jambo hili si geni. Tumepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa katika rukuu mgongo wake ulikuwa umenyooka sawa, na kichwa hakukiinua wala hakukiinamisha. Hebu na ajaribu kila mmoja wetu nyumbani mbele ya kioo: anayerukuu vizuri huvunja mwili kwenye nyonga na mgongo ukabaki ubao, anayerukuu kwa haraka huukunja mgongo ukawa upinde. Kwenye meza ni hivyo hivyo. Makalio yarudi nyuma, mgongo ubaki umenyooka, na uzito ushuke mapajani.

La tatu, miguu. Aitanue kupita upana wa mabega, mmoja mbele na mwingine nyuma, na goti la mbele alikunje. Kila goti linapokunjwa, mwili hushuka bila mgongo kuombwa chochote. Na ule mkono unaoishikilia fimbo mbele auweke mezani kikweli, si kwa ncha za vidole tu, ili meza ibebe sehemu ya uzito wa kifua. Viatu viwe na soli imara. Champali zinazoteleza huulazimisha mgongo kujikaza kila hatua.

La nne, si lazima kidevu kiiguse fimbo. Vijana wamewaona wachezaji wa snuka katika televisheni wakiinama mpaka kidevu kikasugua mti, wakadhani hakuna njia nyingine. Picha za mabingwa wa zamani wa Marekani zaonyesha watu waliosimama wima zaidi. Mmoja wao, Willie Mosconi, mwaka wa 1954 aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa katika onyesho lililofanywa mjini Springfield, jimbo la Ohio. Basi baba aliyesimama juu kidogo atapoteza kidogo katika kulenga, lakini atapata jioni iliyo salama. Huo ni mnada mzuri.

La tano, asilenge kwa muda mrefu akiwa ameinama. Afikiri akiwa amesimama. Azunguke meza, auchague mpira, aamue, kisha ashuke, apige, ainuke. Akiwa ameshuka na shaka ikamjia, ainuke aanze upya. Na anapoinuka, ajisukume kwa mkono ulio mezani, asijivute kwa misuli ya kiuno peke yake.

La sita, mpira ulio mbali asiufuate kwa kulala juu ya meza. Iko fimbo ya msaada yenye kichwa kama uma, ambayo fimbo ya kuchezea huwekwa juu yake. Vijana huiona aibu kuitumia. Hakuna aibu, mabingwa huitumia mbele ya watu. Isipokuwapo ukumbini, na inunuliwe. Na ajifunze kupiga kwa mkono wa kushoto mipira ya karibu, ili asijipinde kiunoni kila wakati kwa upande mmoja.

La saba hulisahau karibu kila mtu. Katika meza za sarafu mipira iliyoingia hurudi katika kisanduku kilicho chini, kimo cha goti. Mchezo ukiisha, mchezaji huinama kwa mgongo mviringo, huichota miwili miwili, hujipinda na kuiweka juu. Mwenye mgongo aweza kucheza mchezo mzima kwa adabu, akajivunjia hapo mwishoni. Kazi hii apewe kijana. Kijana asipokuwapo, baba apige goti moja chini, aitoe mipira akiwa amepiga goti.

La nane, kati ya zamu na zamu asijikunje kwenye benchi la chini. Asimame akitembea, au akae kwenye kiti kirefu ambacho miguu yafika chini na nyonga ziko juu ya magoti.

La tisa ni kipimo. Aanze na dakika 20, si saa nzima. Baada ya wiki moja au mbili, akiona hali ni nzuri, aongeze dakika 5 au 10. Na kipimo asikitazame mezani, maana furaha ya mchezo huficha maumivu; akitazame kesho yake asubuhi. Akiamka kama kawaida yake, kiasi kilikuwa sawa. Akiamka amekaza kuliko kawaida na hali hiyo ikaendelea siku nzima, alizidisha, apunguze, asiache. Wenye maumivu ya kudumu wengi huanguka katika mtego mmoja: siku njema hufanya yote, kisha hulipa kwa siku tatu za kitanda. Kidogo cha kila siku huushinda wingi wa siku moja.

Mwanamke mwenye chuma mgongoni

Atakayesema kwamba mwenye mgongo mbovu hafai kuikaribia meza, tutamtajia Jeanette Lee, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Alipokuwa binti wa miaka 13 aligunduliwa kuwa uti wake wa mgongo umepinda, akapasuliwa na kutiwa vyuma vya kuunyoosha. Ameishi na maumivu kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, katika miaka ya 1990 alifikia nafasi ya kwanza miongoni mwa wanawake wanaocheza pool kwa kazi, na mwaka wa 2001 alishinda dhahabu katika Michezo ya Dunia iliyofanyika Akita, Japani. Wako pia wanaoucheza mchezo huu wakiwa katika viti vya magurudumu, na mashindano yao yana kanuni zake.

Hatumtaji ili kila mgonjwa ajilinganishe naye. Mgonjwa hatakiwi kuwa bingwa wa chochote. Twamtaja kwa sababu mtu anayeambiwa kila siku "usifanye, utajiumiza" mwishowe huamini kwamba mwili wake ni chombo kilichovunjika, na imani hiyo humdhuru kama ugonjwa wenyewe.

Masharti ya meza yenyewe

Mama yetu hakuuliza kuhusu hukumu ya mchezo, lakini twajua swali hilo limo nyuma ya barua. Mchezo ambao ndani yake hamna kamari, haumsahaulishi mtu Swala, na hauchezwi penye ulevi wala matusi, wanavyuoni wengi hawaoni ubaya wake. Lakini tahadharini na jambo moja ambalo watu hulichukulia wepesi: desturi ya kwamba anayeshindwa ndiye alipaye sarafu ya meza. Wanavyuoni wengi huihesabu hiyo kuwa ni kamari, ingawa fedha ni kidogo, kwa kuwa kila mmoja huingia ama apate ama apoteze. Baba na mwana na wagawane gharama nusu kwa nusu kabla ya kuanza, au baba alipe yote kama sadaka kwa mwanawe. Kijana atakayejifunza hilo kwa babake, hatalihitaji somo refu kutoka kwetu.

Na adhana ikiita, fimbo ishuke. Siku ambayo mgongo umekataa kuinama, aswali kwa kukaa kitini, aashirie rukuu na sijda kwa kuinamisha mwili kadiri ya uwezo, na sijda iwe chini kuliko rukuu. Dini hii haikumkalifisha mtu asichokiweza. Lakini ajihukumu kwa uaminifu: anayeweza kuinama mezani kwa saa nzima, kisha akadai hawezi kurukuu, na ajiulize mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Mstari wa mwisho wa barua

Tungeweza kuishia hapo, lau si mstari mmoja ulioandikwa mwishoni mwa barua ile. Mama yetu asema: hata mimi mgongo waniuma tangu uzazi wangu wa mwisho, lakini hilo si la kuandikiwa.

La hasha, mama yetu. Hilo ndilo la kuandikiwa. Maumivu haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na majumbani mwetu ndiyo yasiyoulizwa. Baba akirudi akiugulia, nyumba nzima yasikia. Mama akiugulia, chungu kiko motoni na hakuna anayesikia. Barua nzima umeandika kuhusu mgongo wa mwenzako, na wako ukaupa mstari mmoja.

Basi yote tuliyoyasema kuhusu meza yachukue uyapeleke jikoni, kwa maana kanuni ni ile ile. Ukikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, mgongo hukunjika, magoti hupanda juu ya nyonga, na mikono huvuta mbele. Weka mto mgumu juu ya kikalio chake ili ukae juu kidogo, sogea karibu na meno yake, inama kwa nyonga, na kila nazi moja simama ujinyooshe. Beseni la kufulia lisiwekwe chini; liweke juu ya meza au kiti kirefu. Ufagio mfupi wa kuchutama utiwe mpini. Ndoo ya maji igawanywe iwe mbili nusu nusu, moja kila mkono, na uichukue kwa kukunja magoti ikiwa karibu na mwili. Na zile dakika 15 za kutembea tulizomwandikia mumeo ni zako pia. Mtoke pamoja baada ya Alasiri. Yeye aelekee ukumbini, nawe urudi kwa njia ya mbali.

Jawabu letu

Usimzuie, wala usimwache tu. Keti naye siku ambayo mgongo wake umetulia, si siku ya maumivu, wala usimwambie mbele ya mwanawe. Mwambie kwamba hukuuchukia mchezo wake. Ulichoogopa ni kumwona akilala. Mweleze haya tuliyoyaandika, au msomee. Mkubaliane kuhusu dakika, kuhusu matembezi, na kuhusu kwenda kwa mtaalamu wa viungo angalau mara moja, ili aonyeshwe mazoezi yanayomfaa yeye.

Nawe baba, kama wasoma haya, twakuomba jambo moja. Mgongo ukiuma, sema umeuma. Usijikaze mezani ili kijana asikuone mzee, kisha ukaja kumwagia mkeo uchungu wa usiku. Mwanao haitaji baba asiyeshindwa. Amhitaji baba anayejua kusema, "Leo basi, mwanangu, tutaendelea kesho," akaweka fimbo ukutani bila haya. Mtoto aliyejifunza kwamba mwanamume aweza kuujua mpaka wake na akabaki mwanamume, amepata kitu ambacho mitaani hakifundishwi.

Nawe kijana, mipira iliyo chini ni yako kuiokota, na ile ndoo ya nyumbani pia ni yako kuibeba. Wazazi wako wawili migongo yao imechoka kwa ajili yako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, walio wazi na waliojificha, awape wake na waume subira ya kuhurumiana, na awahifadhi vijana wetu. Amin.